Karani na Nusu ya Nje

Nyuma ya nyumba kubwa, kwenye plasta nyeupe, kuna alama nyeusi ndogondogo zilizokusanyika mahali pamoja, kimo cha kifua cha mtu mfupi. Mgeni atadhani ni watoto walikuwa wakipiga mpira hapo. Ni vifundo vya vidole vya Karani. Aligonga mara moja akitaka nizime, mara mbili akitaka niwashe, na mara tatu akitaka kujua kama bado ninapumua huko ndani.

Mambo ya alizaliwa wapi na ukoo wake ulishuka kutoka mlima gani, waulizwe wazee wenzake. Mimi nilimjua kupitia ukuta, na ninachoweza kusimulia ni kile ambacho ukuta uliniruhusu. Siku hizi nasoma mbali kidogo na nyumbani, na nikipakumbuka kwetu, simkumbuki mama yangu kwanza, Mungu anisamehe. Namkumbuka yeye.

Kila mtu alimwita Karani kwa sababu ndiye aliyepima majani chai kwenye kituo chetu, upande huu wa Nyamache, Kisii, miaka na miaka. Alipostaafu, mizani ilibaki na mtu mwingine lakini jina akaondoka nalo. Alikuwa mfupi, mwenye koti la kahawia lililovaliwa juu ya sweta lililovaliwa juu ya sweta lingine. Kofia ya sufu haikutoka kichwani isipokuwa kanisani, na hata huko aliiweka gotini akiishika kama kifaranga. Alikuwa mtu wa kusikia baridi kuliko wote ninaowajua. Jua likiwa limewaka hadi kuku wanapanua midomo, yeye anauliza nani ameacha mlango wazi. Na mtu huyo ndiye aliyekuwa akitunza AC, pengine AC ya pekee iliyowekwa nyumbani kwa mtu kuanzia sokoni hadi kwenye daraja.

Haikuwa yake. Mwanawe wa pekee wa kiume alienda kufanya kazi Uarabuni, na akiwa huko akajenga nyumba hapa kwa simu. Aliagiza matofali kwa simu, akachagua rangi kwa simu, na mwishoni wakaja vijana wawili kutoka Kisumu wakaweka AC kwenye chumba chake cha kulala. Karani aliwapikia chai. Waliporudi Kisumu walimwachia karatasi ya maelezo ya Kiingereza, rimoti moja, na mashine yenye nusu mbili.

Hizo nusu mbili ndizo habari yenyewe. Nusu moja hukaa ndani, juu ukutani, nyeupe, ndefu kama benchi dogo. Hiyo ndiyo inayotoa baridi. Nusu nyingine hukaa nje, sanduku la chuma lenye feni. Hiyo hutupa joto. Katikati kuna mabomba ya shaba yaliyovishwa sponji nyeusi yakapitishwa kwenye tundu la ukuta. Sasa, kwetu mwana akishatoka tohara na kuwa na nyumba yake, baba haingii humo. Chumba cha kulala ndiyo kabisa. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na haina kona ya kupitia, hata kama mwenye nyumba yuko ng'ambo na anayelala humo ni panya tu. Karani alifika barazani, akasimama kwenye ngazi ya juu, akarudi. Kwa hiyo kati ya mashine nzima aliyoachiwa, alikuwa na ruhusa ya nusu ya nje.

Nusu ya ndani ikawa yangu. Watu wa umri wa baba yangu hawakufaa, hao ni kama wanawe. Mimi kwa hesabu ya ukoo ni mjukuu, na mjukuu hana mpaka. Anaingia jikoni, anaingia chumbani, anafunua sufuria. Isitoshe babu na mjukuu wanaruhusiwa kutaniana, na Karani, ambaye kwa watu wengine maneno yake yalikuwa machache kama ya mtu anayelipia kila moja, kwangu alifungua mdomo.

"Wewe mke wangu, umeamka?" aliniita kutoka kwenye ua wa michai.

"Nimeamka, mume wangu. Umeniletea nini?"

"Nimekuletea kazi."

"Wanaume wengine huleta sukari."

"Hao ni wale hawana mashine."

Wakati huo nilikuwa nimeachia masomo kidato cha pili na nilikuwa nikikaanga mandazi sokoni. Lakini kichwani nilikuwa na pikapu. Pikapu nyeupe yenye ngazi juu na jina langu ubavuni, mimi ndani nikielekea Kisumu kutengeneza baridi ya watu. Karani ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia. Hakucheka. Aliuliza ngazi itakuwa ya mbao au ya chuma.

Kazi yenyewe ilikuwa mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza ni Disemba, kabla jua la Januari halijaanza kupasua udongo. Ya pili ni mwezi wa saba, mvua ndefu zikishaisha na kuacha ukungu kwenye kila kitu. Siku zote ilikuwa Alhamisi au Ijumaa asubuhi, ili jua la Ijumaa likizama tuwe tumekunja vitambaa, maana Sabato kwake haikuguswa hata na bisibisi. Alikuwa amesoma ile karatasi ya Kiingereza kwa kamusi ya mtu wa kanisani, mstari kwa mstari, na pale kamusi iliposhindwa alisaidiwa na kiwanda. Aliwahi kuonyeshwa zile feni kubwa za kiwandani zinazopuliza majani chai yanyauke kabla ya kusagwa, na hapo alijifunza alichokiamini maisha yake yote: upepo ukizibwa, kitu kinaharibika.

Alisimama nje ya dirisha la chumba, akageuza mgongo. Hata kwa macho hakutaka kuingia. Akawa anaongea na migomba, mimi nasikia.

"Swichi kubwa kwanza," alisema.

"Nimezima."

"Mkono baadaye. Umefungua mfuniko?"

"Nimefungua."

"Umeona filta?"

"Ziko mbili. Zina vumbi kama koti lako."

"Koti langu liache. Zitoe polepole, zikivunjika ni safari ya Kisumu."

Nilizipitisha dirishani, naye akazipokea kwa mikono miwili nyuma ya mgongo kama mtu anayefungwa pingu. Alizipiga vumbi kwanza, ndipo akaziosha kwenye beseni la maji vuguvugu na sabuni kidogo, upande wa nyuma kwenda mbele ili uchafu usisukumwe ndani. Halafu akazilaza juu ya jani la mgomba, kivulini. "Sio kwa jua," alisema kila mara, kama kwamba mara zilizopita hakusema. "Plastiki ikipigwa na jua inapinda kama mdomo wa mtu anasengenya."

Wakati zinakauka mimi nilipangusa ndani kwa brashi laini, naye akawa anahangaikia nusu yake. Alikuwa ameikalisha juu ya mawe mawili ya kuchonga yaliyotoka Tabaka, aliyoyasawazisha mwenyewe kwa panga maana mawe yale ni laini kama sabuni. Alikata nyasi pande zote, akatoa majani makavu yaliyovutwa na feni, akatazama kama sponji ya mabomba imetafunwa. Yale mapezi membamba ya alumini ya nyuma, yanayopinda hata ukiyatazama vibaya, aliyanyoosha kwa kitana. Kilikuwa kitana cha plastiki cha rangi ya waridi chenye meno ya karibukaribu, cha marehemu mke wake. Alichana ile mashine kuanzia juu kwenda chini, taratibu. Nilimwona mara moja kupitia dirisha nikarudi kwenye kazi yangu.

Bomba la kutoa maji lilikuwa la mwisho. Mimi ninamwaga maji kwenye beseni dogo la ndani ya mashine, yeye anachuchumaa nje kuangalia kama yanatoka. Nyigu walipenda kujenga humo. "Yanakuja?" "Bado." "Sasa?" "Ngoja. Yanakuja. Yanakuja na mtoto wa nyigu." Gesi hakuruhusu mtu aitaje hata kwa mdomo, hiyo ni ya vijana wa Kisumu. Tukishamaliza tuliiwasha dakika ishirini, na yeye akaweka sikio ukutani.

Mwezi wa saba, siku yenye baridi ya kung'ata, niliiweka nyuzi kumi na sita ili ikubali kuzunguka. Nikakaa kitandani kwa mwanawe nikitetemeka, nikingoja agonge mara moja nizime. Dakika ishirini zikapita, thelathini, hakuna mlio. Nikatoka nikazunguka nyuma. Karani alikuwa amevuta kiti mbele ya nusu yake, koti limefunguliwa, mikono imenyooshwa kwenye ule upepo wa joto unaotupwa na feni, macho ameyafumba.

"Mume wangu, mimi nimeganda huko," nikasema.

"Kaa hapa," akasema, akasogea. "Huku ni Mombasa."

Tulikaa hapo wawili, tukiota joto la mashine ya baridi. Jikoni kwake moto huwashwa mara moja kwa siku. Mke alifariki, mabinti wawili wameolewa upande wa Nyamira, na mtu mmoja hahitaji kuni nyingi. Alilala kwenye nyumba ya zamani ya bati, hatua arobaini kutoka kwenye nyumba kubwa iliyofungwa, na jioni aliweka kiti chake mahali ambapo angeona mlango wa hiyo kubwa. Niliwahi kumwuliza kama hachoki kutazama mlango usiofunguliwa. Alisema mlango wa kwake mwenyewe nao haufunguliwi na mtu mwingine, na huo hauna hata rangi.

Sokoni walimtania vilivyo. Walisema Karani amefuga baridi. Mama mmoja muuza ndizi alisema Mungu aliwawekea Wakisii AC siku ya uumbaji, bure, sasa mwingine anatafuta ya nini. Mzee mwenzake akampigia kelele kutoka kibanda cha pili:

"Karani, ile baridi yako imeshazaa?"

"Imezaa pacha," akajibu bila kugeuka. "Njoo uchukue mmoja. Yule bibi yako anasema nyumba yenu ina moto."

Watu wakaangua kicheko, na huyo mzee mwenyewe akacheka zaidi. Karani alinunua chumvi yake akaondoka. Alitembea wima mpaka alipopita kona, ndipo nikamwona anasimama kidogo, anapanga chumvi upya kwenye mfuko ambao haukuwa na kitu kingine cha kupangwa.

Kuna jambo ambalo sikuwahi kulisawazisha kichwani. Huyu ndiye mtu aliyewahi kumrudisha mke wake mwenyewe kutoka kwenye mizani, mbele ya foleni nzima, kwa sababu kikapu kilikuwa na majani magumu. Mama yangu alikuwa kwenye foleni hiyo. Anasema yule mama alikaa chini akachambua jani moja moja, na Karani akamngoja hadi mwisho, taa ya lori imeshawashwa, hakumfokea na hakumsaidia. Mtu wa ukweli wa namna hiyo. Na bado, kwa ajili ya mashine, alidanganya kanisa.

Ilikuwa Disemba moja. Alikuwa ametoa wavu wa mbele wa feni ili avute jani lililokwama, halafu akaona jiwe moja la Tabaka limelegea. Akaligonga na nyundo, mara mbili. Mimi ndani nikasikia mara mbili, nikarudisha swichi, nikabonyeza rimoti. Sikusikia ukelele. Nilisikia feni ikikwama, halafu kimya, halafu mlio mmoja ukutani. Nikazima. Nilipofika nje alikuwa ameshafunga kidole cha shahada kwa kile kitambaa cha kupangusia, na damu ilikuwa imefika kwenye kiwiko cha sweta.

Nililia kuliko yeye. Alinikalisha kwenye kiti chake, akaniambia kosa ni la wote wawili, na kwamba kuanzia leo sitawasha mpaka niulize kwa sauti na yeye ajibu kwa sauti. Sabato ile alikwenda kanisani na kidole kinene kama mhindi mchanga. Walipouliza, akasema ni panga.

"Kwa nini ulidanganya?" nikamwuliza tulipokuwa tukirudi.

"Ningesema ni AC wangecheka."

"Si huwa wanacheka kila siku na wewe unawajibu."

"Wakinicheka mimi ni sawa," akasema. "Hapo wangemcheka aliyeinunua."

Ukucha ulioota baadaye ulikuwa mweusi, na haukuwahi kurudi rangi yake.

Nimechelewa kusema kuhusu simu, na simu ndiyo iliyobeba yote. Baba na mwana wa kwetu hawaongei ovyo. Heshima ileile inayozuia mlango huzuia na mdomo. Mwana alipiga siku za kawaida, Karani akaweka ile kabambe yake, simu ndogo ya vitufe, sikioni, na mimi nimeyasikia mazungumzo hayo mara nyingi kiasi cha kuyaimba. Habari. Nzuri. Mvua? Ipo. Chai? Inachumwa. Haya. Haya basi. Akikata, anaitazama simu kama mtu aliyepewa chenji pungufu lakini anaona aibu kurudi dukani.

Lakini mara mbili kwa mwaka mambo yalibadilika. Tukishaosha, Karani alimflash mwanawe, yaani iite kidogo akate, na mwana akapiga. Hapo Karani alisimama wima, mkono mmoja nyuma, kama anasoma ripoti mbele ya mkutano wa wakulima.

"Baba hapa. Tumeosha. Filta ni mbili, zote nzima. Mapezi yamenyooka. Sponji, panya hawajagusa. Maji yanatoka. Tumewasha dakika ishirini na haina sauti mbaya."

Na mwana akauliza hiki, akauliza kile, na Karani akajibu. Mara nyingine waliongea hadi filta zikakauka kabisa. Kutoka kwenye nyigu waliingia kwenye paa, kutoka kwenye paa wakaingia kwenye mparachichi uliopandwa na mama, na siku moja nilimsikia Karani akicheka, kicheko chembamba ambacho hakikujua kilipotokea. Chanzo cha yote, aliniambia, ni siku mashine ilipowekwa. Mwana alimwambia kwa simu, "Baba, usiiache ife. Mimi siku hizi silali bila hiyo." Karani akalishika neno hilo kama agizo. Aliona kwamba mashine ikifa, mwana hatakuwa na mahali pa kulala, na mtu asiye na mahali pa kulala atarudi vipi?

Aliniuliza mara moja tu kuhusu chumba. Alikuwa ameegemea ukuta, kwa upande wake.

"Ule upepo," akasema, "unapiga kitanda?"

"Unapiga miguuni."

"Na kichwa?"

"Kichwa kiko upande wa dirisha."

"Basi ataamka na jua," akasema, na kwa namna alivyosema nilielewa kwamba amekuwa akilipanga jambo hilo kwa muda mrefu.

Mwana alikuja. Baada ya miaka tisa alikuja, Januari, siku tisa. Tulikuwa tumeosha mwezi uliotangulia kwa makini kana kwamba tunamwosha bwana harusi. Nilitandika kitanda, nikaweka rimoti tupu juu ya meza ndogo na betri mbili mpya kando yake. Mabinti walikuja kutoka Nyamira na kuku. Nyumba kubwa ilifunguliwa mlango na madirisha, ikatoa harufu ya rangi ya zamani. Baba na mwana walisalimiana kwa mikono, wote wawili wakitazama viatu. Jioni waliketi barazani kwenye viti viwili, katikati pakiwa na nafasi ya kiti cha tatu, wakazungumzia mvua.

Mimi nilifagia chumba kila asubuhi. Siku ya kwanza betri zilikuwa palepale. Siku ya pili, palepale. Dirisha lilikuwa wazi usiku kucha na blanketi mbili kitandani. Karani hakuuliza. Hakuwa na haja, maana nusu yake ya nje ilikuwa pale nyuma, kimya, na yeye alipita hapo mara nyingi kuliko mtu mwenye kazi huko. Siku ya nne akanisimamisha.

"Betri?"

"Ziko mahali niliziacha."

Akatikisa kichwa kama anakubali uzito wa kikapu.

Yule mwana mimi namwita Anko. Nilimkuta kwenye kamba ya nguo nikamwuliza, kwa sababu mdomo wangu haujui kukaa.

"Anko, AC ni mbaya?"

"Haina ubaya. Kwani nini?"

"Hujaiwasha."

Akacheka kidogo. "Huko tunalala watu wanane chumba kimoja. AC haizimwi mchana wala usiku, inasaga kama kinu. Miaka tisa nimekuwa nikitamani kulala nisikie chura."

"Sasa uliiweka ya nini?"

"Nilidhani nitarudi nikiwa mtu mwingine," akasema. Akaning'iniza shati. "Inafanya kazi kweli? Miaka yote hii?"

"Inafanya. Baba yako anaiosha mara mbili kwa mwaka. Si huwa anakwambia?"

"Ananiambia. Nilidhani anamtuma fundi."

Nikamwambia kuhusu dirisha na mgongo. Nikamwambia kuhusu kitana. Kuhusu kidole nilitaka kunyamaza, nikashindwa. Anko alishika ile kamba kwa mikono yote miwili.

"Mimi nilisema tu siku ile," akasema. "Simu ilikuwa imenyamaza. Nikatafuta kitu cha kusema."

Siku ya tisa aliondoka. Karani alimsindikiza hadi lami, akarudi, akaketi kwenye kiti chake. Nilimletea mandazi. Hakula.

"Sasa, mke wangu," akasema, "nitakuwa nampigia nimwambie nini?"

Swali hilo nilienda nalo chuoni. Ndiyo, nilienda. Mwezi wa tano nilijiunga na chuo cha ufundi Kisii, idara ya friji na AC, msichana mmoja kati ya vijana kumi na wanane. Mwalimu alipouliza nani amewahi kufungua AC, nilinyoosha mkono. Akauliza nimejifunzia wapi. Nikasema Nyamache. Darasa lote likacheka.

Mwezi wa saba Karani hakuniita. Nilingoja wiki mbili. Nilimpigia mama, akasema mvua zimeisha, wanachuma, na Karani ameshikwa na kifua lakini anatembea. Ijumaa moja asubuhi nikaja mwenyewe. Nilimkuta nyuma ya nyumba kubwa. Nyasi zilikuwa zimefika kwenye feni. Alikuwa amekonda ndani ya yale masweta mawili, na sasa yalikuwa matatu.

"Mume wangu, beseni liko wapi?"

"La nini?"

"Mwezi wa saba huu."

"Hakuna kazi," akasema. "Mwenyewe hakuiwasha. Wewe uliona."

"Amepiga simu?"

"Hupiga. Habari, nzuri. Haya."

Nilitamani kumwambia maneno ya kwenye kamba ya nguo. Lakini hayo yangekuwa maneno yangu nikiyapitisha katikati yao, na mjukuu ameruhusiwa kupita mlango, hajaruhusiwa kupita hapo. Nikatafuta njia nyingine.

"Sikuja kwa ajili yake," nikasema. "Nina mtihani wa vitendo. Nikifeli nitarudi kukaanga mandazi."

Alinitazama muda mrefu, kama anatafuta jani gumu kwenye kikapu.

"Kama ni masomo," akasema, "basi ni masomo." Akainuka kutafuta panga la nyasi.

Tuliosha. Aligeuza mgongo dirishani, akapokea filta kwa nyuma, akaniambia sio kwa jua. Alikohoa, akapumzika, akachana. Nilipotaka kuwasha niliuliza kwa sauti, akajibu kwa sauti. Tulipomaliza ilikuwa karibu saa nane, na tukakaa, yeye kwenye kiti, mimi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Hutamflash?" nikauliza.

"Aliona mwenyewe kuwa haina maana. Nimsumbue?"

"Mwambie tu tumeosha."

Alitoa simu, akaipangusa kwenye koti. Alibonyeza kwa kile kidole chenye ukucha mweusi, akaacha iite kidogo, akakata. Tukangoja. Kuku wawili walipita. Aliiweka simu gotini, juu ya koti, akaanza kuongea habari za mbolea ili nisione anangoja. Habari za mbolea zikaisha. Akaanza kukunja kitambaa ambacho kilikuwa kimekunjwa.

Simu ikalia. Aliinuka kabla ya kuipokea.

"Baba hapa," akasema. "Tumeosha." Akavuta koti, kama anayengoja kuambiwa inatosha. Kisha haraka, bila ile sauti ya mkutano, "Filta nzima. Mapezi yamenyooka. Imezunguka vizuri. Ni hayo tu."

Nilikuwa nimeshika ndoo niliyokalia kwa mikono yote miwili. Karani alitazama chini, na nikaona kidole kikitafuta kitufe cha kukata.

"Eeh?" akasema. "Eeh. Eeh."

Akaondoa simu sikioni, akaifunika kwa kiganja, akanigeukia. Macho yalikuwa yamefunguka kabisa.

"Anauliza bomba la maji. Anasema tulimwaga maji kuhakikisha?"

"Tulimwaga," nikasema. "Lita mbili. Uliyaona mwenyewe yakitoka."

Alifikiri. Akarudisha simu sikioni.

"Subiri," akamwambia mwanawe. "Usikate. Naenda niangalie."

Bomba lilikuwa hapo, hatua mbili kutoka kwenye mguu wake. Yeye akageuka akashika njia ndefu, ile inayozunguka nyumba nzima kwa mbele, akitembea polepole, mkono mmoja nyuma. Nilibaki nimekaa, nikamsikia akimwelezea mwanawe njia. Sasa niko kwenye tangi. Limejaa, ndiyo. Sasa nimepita baraza lako. Ngazi ya chini ina ufa, nitaiziba. Sasa niko kwa mparachichi wa mama yako, umeanza maua. La, sijafika bado. Bado kuna mwendo.